Fundi, taa uliyotufungia inaonyesha swichi, haionyeshi mota!

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo nna hasira na siombi radhi kwa hilo.

Boti yetu tumeiunda wenyewe hapa Wete, mie na kaka yangu, ubao mmoja mmoja, na kalafati tumepiga kwa mikono yetu. Kazi moja tu tulimwachia mtu mwengine: umeme. Tukamleta fundi anayesifiwa, tukamwambia tunataka taa ndogo za LED mbele ya nahodha. Moja ituambie pampu ya ngama, pale chini ya chombo maji yanapokusanyika, inafanya kazi, nyengine ituambie mota ya kunyanyulia mashine inapanda au inashuka. Akachukua 80,000 ya ufundi, vifaa mbali.

Juzi usiku tunarudi kutoka kisiwa cha Fundo, kusi linavuma, maji yanaruka kwenye omo. Nikawasha pampu, taa ya kijani ikawaka, nikatulia. Katikati ya njia mtoto wa kaka yangu, amekaa tezini, ananiita: "Ami, mbona maji yamenifika vifundoni?" Natazama taa, inawaka. Natazama ubavuni pale yanapotoka maji ya pampu, hapatoki hata tone. Tukakumba kwa upo na ndoo ya rangi mpaka tukaziona taa za Wete. Humo chomboni mlikuwa na bibi mtu mzima anasoma dua kwa sauti. Na sisi watu wa Pemba, baada ya meli ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, maji kuingia chomboni usiku si jambo la kumalizwa kwa neno pole.

Asubuhi nikaifungua kazi yake, mita ya kupimia umeme mkononi. Taa ameifunga pale pale nyuma ya swichi, mguu mmoja kwenye waya unaokwenda kwenye pampu, mguu wa pili kwenye hasi ya dashibodi. Maana yake ukibonyeza swichi taa inapata umeme wake na inawaka, pampu iwe inazunguka, imekwama kwa mshipi, au haipo kabisa! Waya wa pampu ulikuwa umekatika kule chini ndani ya ngama. Ameusokota kwa vidole akauzungushia tepu nyeusi, na maji ya chumvi yakaula mpaka ukawa unga wa kijani. Nikaukwangua kwa kisu pahala pazima: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba, fundi! Ndani ya bahari!

Nikampigia simu. Jibu lake: "Si taa inawaka? Basi kazi yangu nzima."

Yakhe, taa ya LED inataka kitu kidogo mno. LED nyekundu inakula kama volti 2, na miliampea 20 zinaitosha. Betri ya volti 12 mashine ikiwa inachaji inafika 14.4, ukitoa 2 zinabaki 12.4, ugawe kwa 0.02 unapata omu 620, unaweka rizista, kile kipande cha kupunguza umeme, ya 680 na umemaliza. Lakini kwa rizista hiyo hiyo, umeme ukishuka mpaka volti 8 kwa sababu ya waya mbovu, LED bado inapata miliampea 9 na jicho halioni tofauti kubwa, wakati pampu inayotaka ampea 4 inazunguka kivivu haisukumi kitu. Ndiyo maana kuwaka peke yake si ushahidi.

Ile taa ya mota ya kunyanyulia mashine nayo imekufa mara tatu, na kila mara anasema LED ni feki. Uongo. Mota ile inabadilishiwa umeme: ikipanda waya huu ndio wa moto, ikishuka unakuwa ule mwengine. LED nyingi hazitakiwi kupewa zaidi ya volti 5 kinyume, na yeye anaipa 12 kila tunaposhusha mashine. Alitakiwa afunge mbili zikiangaliana kinyume, ya kijani na nyekundu, kwa rizista moja. Ya kupanda ikiwaka inailinda ya kushuka, na ya kushuka inailinda ya kupanda. Bei ya LED moja zaidi ni ndogo kuliko nauli aliyotutoza kuja kubadilisha. Na kwenye pampu hakuweka diodi yoyote, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kumeza mshindo wa umeme unaorudi mota ikizimwa. 1N4007 moja tu, mstari wake uelekee waya wa moto.

Nimeanza kuifunga upya mwenyewe. Waya wa pampu nimeuzungusha mara nane juu ya swichi ndogo ya sumaku, ile ya kichupa cha kioo, na LED inapita kwenye kichupa hicho. Umeme usipokwenda kwenye pampu sumaku hakuna, na taa inazima. Pampu ikikwama itavuta umeme mwingi na taa itabaki inawaka, kwa hiyo fyuzi lazima iwepo, ya kiwango kilichoandikwa kwenye pampu yenyewe. Fundi wetu aliweka kipande cha waya mahala pa fyuzi. Hilo ndilo lililonitoa machozi khasa, kwa sababu hapo alikuwa anajua.

Juu ya hayo nataka swichi ya boya, ile inayojiwasha maji yakiinyanyua, iwekwe juu kidogo ya pampu, na king'ora chake na waya wake peke yake kutoka kwenye betri.

Pesa yangu naitaka irudi, fundi, na unajua nyumbani. Wengine humu, nani anauza waya wa shaba uliopakwa bati, milimita 2.5, Chake au Unguja mjini? Nataka mita 15. Boti ipo juu ya magogo na haishuki majini mpaka waya huo upatikane.