Familia ya Babu Uyole: Jumapili, 22 Juni 2025

[13:02] Anko Lusajo: Familia, habari za baada ya ibada. Fainali ya NBA, kikapu cha Marekani, Thunder na Pacers wako 3-3. Gemu ya saba inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Tunaangalia pamoja kwa Babu Uyole. Nataka majina.

[13:26] Anko Lusajo: Naona mmesoma wote. Majina.

[13:41] Da Subi: Saa tisa usiku na baridi hii ya Juni? Uyole hata mbwa hawabweki saa hiyo 😂

[13:42] Tumaini: 😂😂 midomo imeganda

[13:45] Anko Lusajo: Subi usicheke. Thunder yangu imeshinda mechi 68 kati ya 82. Kwenye mtoano imeitoa Memphis 4-0, Denver wakaisumbua mpaka gemu ya saba, halafu Minnesota 4-1. Shai wetu ni mfungaji bora, wastani wa pointi 32.7, na ndiye MVP, mchezaji bora wa ligi. Tangu wahamie Oklahoma City mwaka 2008 hawajabeba kombe. 2012 walifika fainali, Miami wakawapiga 4-1. Msimu uliofuata ndiyo Mtanzania wetu Thabeet akavaa jezi yao. Niko nao tangu hapo, leo silali.

[13:50] Tumaini: Anko, Thabeet alianzia Memphis, chaguo la pili 2009. Memphis hiyo hiyo mliyoichapa 131-80 🤔

[13:51] Anko Lusajo: Alishaondoka kule zamani. Hana deni nao.

[13:55] Baraka: Mimi Indiana Pacers. Siakam mtoto wa Cameroon, ana ubingwa wa 2019 na Toronto. Mwafrika anayecheza leo ni yeye.

[13:57] Anko Lusajo: Na Haliburton wenu anachechemea, msuli wa mguu huo.

[13:58] Baraka: Mguu huo huo Ijumaa alfajiri mmepigwa 108-91. Na gemu ya kwanza aliwamaliza ikibaki sekunde 0.3, mmesahau?

[14:01] Anko Lusajo: Gemu ya tano Jalen Williams kawatia 40. Uwanja ule ule, leo tuko nyumbani tena. Turudi kwenye hoja. Kifurushi cha king'amuzi kwa Babu kinaisha leo. Kila mtu elfu tano, tumeni kwangu kabla ya saa kumi na mbili jioni.

[15:19] Mama Mkubwa: Kwako tena, Lusajo?

[15:20] Anko Lusajo: Dada, ya kipaimara tulishayamaliza.

[15:20] Mama Mkubwa: Uliyamaliza na nani?

[15:24] Tumaini: 👀

[15:32] Da Subi: Jamani umeme Uyole jana usiku ulikatika. Jenereta lipo?

[15:58] Anko Lusajo: Lipo Mwanjelwa.

[15:58] Mama Mkubwa: Dukani kwako.

[16:00] Baraka: Thunder wako nyumbani, jenereta liko ugenini 😂😂

[16:01] Tumaini: Baraka toka 😂😂😂

[16:04] Anko Lusajo: Naomba tuwe siriazi, kifurushi hakijalipiwa.

[16:37] Babu: Nimesomewa yote. Jenereta lile marehemu bibi yenu alilinunua kwa fedha ya viazi. Hakulinunulia duka la mtu. Lirudi leo kabla ya jua kuzama. Mpira sikatazi, angalieni. Ila hakuna mtoto kutembea barabarani usiku huo. Anayekuja aje mapema, alale hapa.

[16:40] Da Subi: Shikamoo Babu. Tumekusikia 🙏

[16:41] Tumaini: Shikamoo Babu

[16:52] Mama Mkubwa: Ndaga fijo, asante sana Baba.

[17:30] Anko Lusajo: Shikamoo Baba. Nalileta.

[18:44] Anko Lusajo: Jenereta nimepakia kwenye bajaji, tuko njiani. Petroli nimeweka mwenyewe. Hela ya kifurushi wametuma wawili tu.

[19:12] Da Subi: Nakuja na mablanketi na chupa mbili za chai ya tangawizi. Elfu tano kesho.

[19:13] Anko Lusajo: Subi, kesho kombe lina mwenyewe.

[19:40] Mama Mkubwa: Lipia wewe kwanza. Tutahesabiana kwenye kikao, na ya kipaimara humo humo.

[19:55] Anko Lusajo: Sawa Dada. Nalipia.

[20:31] Baraka: Niko Iyunga, boda anataka elfu nane mpaka Uyole. Kuna anayepita na gari huku?

[20:33] Anko Lusajo: Nani yuko upande wa Iyunga? Na majina bado jamani, Babu anauliza apike ugali wa watu wangapi.