dune build inapita safi ila VS Code inanipigia mistari myekundu kila mahali (OCaml)

mgeni_wa_kodi
Habari zenu wakuu. Niko Ubuntu na VS Code, nimehamia lugha ya OCaml mwezi uliopita nikitokea Python na naipenda kwelikweli, vile kompaila inavyokukamata ukisahau tawi moja la match kabla hata programu haijaanza kazi. Sasa shida ni edita. Nikipiga dune build (dune ndiyo inayojenga projekti) kwenye terminali inapita bila neno, nikifungua faili lilelile kwenye VS Code kila open ina mstari mwekundu, nikiweka mshale juu ya fanksheni hainioneshi aina yake, halafu kuna ujumbe unasema projekti imejengwa na toleo la kompaila tofauti na la seva. Ekstensheni ya OCaml Platform nimeifuta nikairudisha, wapi. ocaml-lsp-server, ile seva inayoipa edita aina na makosa ya kodi, niliiweka siku ileile nilipoweka opam ya kusakinishia OCaml na vifurushi vyake. Leo siku ya 3 naandika kodi gizani, nisaidieni

mzee_wa_terminali
Pole sana mkuu. Ekstensheni haina kosa, iache ilivyo. Ndani ya projekti kuna folda inaitwa _opam?

mgeni_wa_kodi
Ipo, nilipiga opam switch create . 5.1.1 ili projekti iwe na swichi yake, yaani OCaml na vifurushi vyake peke yake

mzee_wa_terminali
Basi shida ni hiyo hapo. Hiyo seva yako (programu yake inaitwa ocamllsp) chini yake kuna Merlin, injini inayochambua kodi ya OCaml, na Merlin ili ijue moduli zako nyingine zina nini inasoma faili za .cmi na .cmt ambazo kompaila inaziacha ndani ya _build ikimaliza kazi, na muundo wa hizo faili unabadilika toleo kwa toleo. Seva yako ilijengwa kwenye swichi ya kwanza yenye OCaml nyingine, leo unaipa faili za 5.1.1, haiwezi kuzisoma hata ufanye nini. Kila swichi inataka seva yake. Ingia folda ya projekti upige

eval $(opam env)
opam install ocaml-lsp-server ocamlformat

Hiyo ocamlformat ni ya kupanga kodi. Itachukua muda maana opam inajenga kila kitu kutoka kodi asili, subiri tu. Ikiisha rudi VS Code, Ctrl+Shift+P, andika OCaml: Select a Sandbox, uchague swichi ya hiyo projekti. Na fungua folda yenye dune-project, sio folda mama iliyobeba projekti zako zote

bibi_emacs
Kwa wa Emacs ni hivyohivyo, ukiwa na 29 au zaidi eglot ya kuongea na seva imo ndani tayari, unaongeza tuareg, modi ya OCaml, tu halafu M-x eglot. Ila ukiifungua Emacs kwa kubofya ikoni badala ya terminali haipati PATH ya opam (orodha ya folda zenye programu), itakwambia ocamllsp haionekani wakati ipo. Mimi naianzisha kutoka terminali ambayo nimeshapiga eval, wengine wanatumia pakiti ya exec-path-from-shell inayoipa Emacs hiyo PATH

mgeni_wa_kodi
Aisee imekubali!! Aina zinaonekana, mistari imeondoka, asanteni mno. Mawili yamebaki: nikisevu kodi haijipangi japo format on save nimeiwasha, na nikitengeneza faili jipya nikaliita kutoka main.ml inasema Unbound module

mzee_wa_terminali
La kwanza, ocamlformat haigusi projekti ambayo haina faili la .ocamlformat, tengeneza moja pale pale penye dune-project, hata likiwa tupu. Mkiwa timu andikeni ndani version = na namba ya toleo mnalotumia, maana ocamlformat ya toleo jingine itakataa kupanga na hiyo inazuia ugomvi wa kila mtu kupanga kodi kivyake. La pili ni yaleyale ya .cmi, faili jipya halijajengwa kwa hiyo seva haina cha kusoma. Fungua terminali ya pembeni uiache na dune build --watch muda wote unaoandika

mgeni_wa_kodi
Nimeiacha inazunguka, Unbound module imepotea sekunde ileile niliyosevu. Nabadilisha kichwa cha uzi kiwe kimetatuliwa