Naomba ushauri: konveya ya rola inayoendeshwa na mkanda, mkanda unakimbilia kushoto na mota inachemka

Fundi Mgeni

Wakuu salaam. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha maji ya kunywa hapa Dar, mambo ya mekanika najifunzia kazini. Mwezi uliopita bosi kanunua konveya ya rola iliyotumika, mita 18, vipande sita vya mita tatu tatu, ile ambayo rola zipo juu na chini yake unapita mkanda bapa ndo unazizungusha. Haina kitabu wala mchoro, ilikuja kwenye lori imefunguliwa, tukaiunga mimi na vibarua wawili. Inatoa katoni pakingi kwenda stoo, katoni moja chupa 12 za lita moja, kwa hiyo kilo 12 na ushee.

Shida zangu. Mkanda unakimbilia kushoto mpaka unajisaga kwenye fremu, nyuzi za pembeni zimeanza kuchomoza. Kuna rola ya chini inayorudisha mkanda ina nafasi ya kusogeza kila upande, nasogeza ncha ya kushoto nikidhani utarudi ndo kwanza unazidi. Halafu katoni zikifika katikati zinasimama zinatetemeka hapo hapo, nikaukaza mkanda na zile rola ndogo zinazousukuma mkanda juu nikazipandisha zote mpaka mwisho, zikatembea siku mbili. Sasa hivi mota (kilowati 1.5, kibao chake kinasema ampia 3.5) inachemka hata mkono huwezi kuweka na ovalodi (kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) inakata kila nusu saa, bosi anataka niipandishe ovalodi. Na pale mwanzo katoni zinapoingia kuna rola mbili zilikuwa zinaruka nje kila saa, nikazifunga na waya.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki. Juzi kibarua alikuwa anafuta vumbi mashine ikitembea, kitambaa kikavutwa kati ya mkanda na rola ya chini, bahati yake alikiachia. Bosi anasema tusizime kwa ajili ya usafi tunapoteza muda. Naombeni msaada.

Mzee wa Giaboksi

Pole mdogo wangu. Kabla ya lingine lolote, ule waya kaukate leo, usisubiri kesho. Zile rola mbili hazijaharibika, zimewekwa kwenye nafasi iliyo wazi kwa juu makusudi kabisa, ili mkono wa mtu ukivutwa pale konveya moja inapokabidhi nyingine rola iruke na mkono upate pa kutokea. Ukizifunga umetengeneza mtego wa vidole. Kama zinaruka bila mtu kuzigusa ujue katoni inazigonga kwa mbele, yaani meza au konveya inayoleta iko chini kuliko hiyo inayopokea. Weka pimamaji, pandisha miguu ya inayoleta mpaka zilingane au inayopokea iwe chini milimita mbili hivi, utaona zinatulia zenyewe.

Ovalodi usiiguse. Ampia 3.5 ya kwenye kibao ndo mwisho wake, ukipandisha unachoma waindingi (nyaya za ndani ya mota) na bosi huyo huyo atakuuliza mota imeungua kwa nini. Chukua klampumita (kipima ampia cha kubana waya) upime fezi zote tatu, utuletee namba ikiwa na mzigo na ikiwa tupu.

Mtaa wa Viwanda 254

Boss, mimi niko Nairobi na hizi nimefunga nyingi. Swali moja kwanza kabla nikujibu ya mkanda: ukisogeza hiyo rola ya kurudisha, unachukulia mkanda wa chini unaenda wapi?

Fundi Mgeni

Wa juu si unaenda na katoni mkuu, kwa hiyo wa chini unarudi nyuma. Kwenye ile konveya yetu ya mkanda mtupu ndo ilivyo.

Mzee, nimepima. Ikiwa na mzigo ampia 4.7, ikiwa tupu 4.1. Fezi zote zinakaribiana.

Mtaa wa Viwanda 254

Hapo ndipo ulipotea, na si wewe peke yako. Mkanda hapo unagusa TUMBO la rola, haujabeba katoni. Tumbo la rola likienda kushoto mgongo wake unaenda kulia. Kwa hivyo mkanda wa juu unaenda kinyume na katoni, na ule wa chini unaorudi ndio unaenda pamoja na katoni. Zima, funga swichi kwa kufuli, chora mshale kwa chaki kwenye mkanda wa chini, ondoka hapo, washa kidogo uone mwenyewe.

Sasa kanuni ni hii, mkanda hukimbilia ile ncha ya rola unayoifikia kwanza. Simama ukitazama kule katoni zinaenda. Kama unakimbilia kushoto, ncha ya kushoto ya hiyo rola ya kurudisha isogeze mbele, kule katoni zinaelekea, ndio mkanda ufikie ncha ya kulia kwanza. Wewe umekuwa ukiivuta nyuma. Na usisogeze sentimita nzima, milimita moja au mbili, halafu wacha mkanda uzunguke raundi kadhaa ukiangalia kwa mbali, ndio uzime tena. Watu huharibu hapa juu ya haraka, wanasogeza, wanaona haujarudi papo hapo, wanasogeza tena, mwishowe unakimbilia upande ule mwingine.

Ile puli ya mwisho yenye boliti za kukazia usiitumie kunyoosha mkanda. Hiyo ni ya kukaza tu, pande zote mbili sawa, pima kwa rula.

Mzee wa Giaboksi

Jibu la kaka wa Nairobi ni dhahabu. Mimi niongeze kwenye hizo namba. Ampia 4.1 ikiwa TUPU maana yake mota haibebi maji, inapigana na konveya yenyewe. Hizo rola ndogo za kusukuma ulizozipandisha zote ndo zinakula umeme. Kazi yake ni kuufanya mkanda uguse rola za juu, basi. Rola inatakiwa katoni ikizuiwa iteleze juu ya mkanda, isilazimishe. Zishushe zote, mashine ikiwa imefungwa, kisha pandisha moja moja: unaizungusha rola ya juu kwa mkono, ukihisi mkanda unaishika kidogo lakini bado inazunguka, hapo hapo kaza nati. Ni kazi ya kuchosha kwa mita 18, lakini usiruke hata moja. Na mkanda ulegeze, unatakiwa ukaze kiasi cha kutoteleza kwenye puli ya mota na sio zaidi, ukizidisha unaua beringi za puli na shafti ya giaboksi.

Giaboksi yenyewe umeiangalia? Iliyosafirishwa mara nyingi inakuwa na plagi nzima juu ili oili isimwagike njiani, ikishafungwa unatoa ile unaweka ya kupumulia. Isipopumua oili inasukuma sili (ule mpira unaoizuia isivuje) nje. Angalia na kiasi cha oili.

Halafu katoni kusimama katikati, mimi nahisi fremu. Mliiunga mkapima mishalo, yaani kona hadi kona?

Fundi Mgeni

Hatukupima mzee. Tuliweka pimamaji tu kwa urefu.

Mzee wa Giaboksi

Basi pima. Kila kipande, kona hadi kona, halafu kona zile nyingine, namba mbili ziwe sawa. Zikitofautiana fremu imelala mshazari na kila rola imelala nayo, katoni zinasukumwa pembeni zinasugua reli mpaka zinasimama, na mkanda nao unafuata. Legeza zile nondo za chini zinazokatiza, vuta mpaka iwe mraba, kaza. Baada ya hapo vuta uzi kutoka mwanzo mpaka mwisho wa mita 18 zote uone kama vipande vimenyooka, na pimamaji uweke pia kwa UPANA. Sakafu zetu nyingi zina mteremko wa maji, miguu isiyofika weka vibati chini ndo upige boliti za sakafuni. Ukinyoosha mkanda juu ya fremu iliyopinda utanyoosha kila wiki mpaka ustaafu.

Chuma Chakavu

Mnamtisha bure kijana. Sisi kwetu tunafuta ikitembea mwaka wa sita huu hakuna aliyeumia, ni kuwa makini tu. Ukizima zima kila saa lengo la siku hufiki.

Dada wa Pakingi

Kaka hapo juu naomba nikujibu kwa heshima. Nilifanya kazi laini ya pakingi miaka minne. Mwenzangu alikuwa makini kuliko sisi wote, aliingiza mkono kutoa kipande cha karatasi kilichokwama pale mkanda unapoingia kwenye puli, sekunde moja. Alipoteza vidole viwili na kazi juu. Mkanda hauangalii umakini wako, hata kwa mwendo ule wa taratibu unafika kwenye puli kabla hujavuta mkono. Tangu siku ile siwezi kunyamaza nikisikia neno "makini tu".

Fundi Mgeni, mambo ninayoomba ufanye. Kila anayegusa mashine awe na kufuli lake na ufunguo wake mwenyewe mfukoni, linafungwa kwenye swichi kubwa ya paneli, sio kubonyeza kitufe chekundu tu. Wawili mkiwa kazini makufuli mawili. Ukishafunga rudi ubonyeze kitufe cha kuwashia uhakikishe haiwaki. Kibao cha "usiwashe" peke yake hakitoshi, nimeona mtu akikitoa akaweka pembeni.

Chini ya konveya weka bati au wavu pale kwenye puli, cheni na zile rola za kusukuma, wafagiaji huingiza mkono na fagio humo. Kamba ya kusimamishia ipite urefu wote pande zote ambazo watu wanasimama, na ikishavutwa na kurudishwa mashine isiwake yenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe. Ijaribuni kila wiki. Na wadada wa pakingi: khanga kiunoni, ncha za ushungi zinazoning'inia, glovu pana, bangili, vyote hapana, wapeni ovaroli na mtandio wa kubana.

Bosi mwambie hivi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka yeye alinde wafanyakazi, hata kibarua. Dakika kumi za usafi mwisho wa zamu sio hasara.

Mtaa wa Viwanda 254

Huku Kenya pia ni hivyo, tuko na sheria ya 2007. Usibishane na boss kwa mdomo, andika tarehe, kilichotokea na kile kitambaa, mpe karatasi asaini.

Fundi Mgeni

Wakuu nimerudi. Jumapili tulizima kutwa nzima. Waya nimekata, meza ya kuingizia ilikuwa chini milimita 9, nimeinua, rola hazijaruka tena. Kipande cha tatu mishalo ilipishana milimita 11 na cha nne 7, tumevuta mpaka zikawa sawa. Rola za kusukuma nimezishusha zote na kuziweka upya moja moja, imechukua saa tano. Mshale wa chaki kweli ulienda na katoni, nilibaki nimeduwaa. Giaboksi ilikuwa na plagi nzima kama mzee alivyosema, sili ilishaanza kuvuja.

Sasa hivi ampia 2.6 ikiwa na mzigo, ovalodi sijaigusa. Makufuli matatu nimenunua kwa hela yangu, bosi kasaini karatasi na kasema atanirudishia, usafi ni saa kumi na moja jioni mashine ikiwa imefungwa.

Imebaki moja. Mkanda umetulia ila kila raundi kuna sehemu moja unaruka kulia kama sentimita moja halafu unarudi.

Mzee wa Giaboksi

Hongera sana kijana, umefanya kazi ya mtu mzima. Hiyo ni maungio. Mkanda wote ukihama ukifika mahali pamoja, kosa ni la fremu au rola ya mahali hapo. Kipande kimoja cha mkanda kikihama kila kinakopita, kosa liko kwenye mkanda. Mwisho wake ulikatwa mshazari kabla ya kupigwa zile klipu za chuma. Kata upya kwa skweya, ukipima kutoka katikati ya mkanda maana pembeni pameshalika, piga klipu mpya na uangalie meno yasichomoze kwa juu, yanachana rola na mikono. Funga kufuli kwanza.