Msaada wakuu: fonti ya Didot inapendeza kwenye kompyuta, ikichapwa inaliwa

Msanifu_Sinza
Wakuu, habari za leo. Nasanifu jarida la harusi la kurasa 32, hapa hapa Dar. Jina la jarida nimeliweka kwa Didot, kubwa, juu ya jalada. Kwenye kompyuta linapendeza mno: nguzo nene za herufi, halafu vistari vyembamba kama uzi wa cherehani.

Jana nimechukua sampuli Kariakoo. Jina limetoka safi. Ila maneno madogo ya chini, meupe juu ya suti nyeusi ya bwana harusi, yameliwa. Neno "ukumbi" limebaki vijiti vilivyosimama tu, vile vistari vinavyounganisha nguzo za u na za m havipo. Hata maelezo ya kurasa za ndani, saizi ya pointi 9, yanaumiza macho. Fundi anasema kosa ni la fonti. Nusu ya hela nimeshalipa. Nihame kiwanda au nibadili fonti? Natanguliza shukrani.

Wino_Gerezani
Mkuu, usihame. Picha yako inachapwa kwa wino nne, kila wino na pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia. Maneno meupe hayana wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Pleti moja ikisogea kidogo tu, wino wake unaingia kwenye ule uwazi. Nguzo nene inavumilia, kistari chembamba kinazibwa chote. Hayo maneno ya chini yape fonti nene isiyo na serifu (vile vijimkia vya kwenye ncha za herufi), au yaweke juu ya nyeusi ya wino mmoja.

Kijana_Mbagala
Mimi Didot naitumia kila tangazo la Instagram, sijawahi kuona shida.

Wino_Gerezani
Instagram haina pleti, mdogo wangu.

Mama_Herufi
Msanifu, pole mwanangu. Herufi hizi zilishika kasi mwishoni mwa karne ya 18, kwa Firmin Didot kule Paris na Giambattista Bodoni kule Parma, Italia. Enzi za herufi za madini ya risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na kwenye saizi ndogo mchongaji aliuacha ule mstari mwembamba uwe na mwili kidogo. Sisi leo tunachukua mchoro wa jalada, tunaubana hadi pointi 9, halafu tunamlaumu fundi!

Jaribu Bodoni Moda. Ni ya bure, na ina mhimili wa saizi kuanzia 6 hadi 96: ukiushusha, vistari vinanenepa vyenyewe. Playfair Display nayo ni nzuri, ila iache kwenye vichwa vya habari.

Tena kagua kila "ng'" ya jarida lako. Maandishi yaliyobandikwa kutoka WhatsApp mara nyingi huja na alama iliyonyooka kama msumari, wakati ya Bodoni ina kichwa cha mviringo na mkia. Neno "kung'ara" likiwa kubwa kwenye kichwa cha habari, huo msumari unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Msanifu_Sinza
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jina limebaki Didot. Ndani nimeweka Bodoni Moda, mhimili kwenye 9, na maneno ya chini nimeyapa fonti nene isiyo na serifu. Sampuli ya pili nimeichukua leo mchana: "ukumbi" unasomeka, na misumari 14 nimeing'oa.