Tupeane uzoefu: kumtambua kurumbiza wa kichwa cha chungwa msituni

Mleta mada: Wadau, kurumbiza huyu (kisayansi Cossypha natalensis) wa misitu ya Arabuko-Sokoke na Gede pwani ya Kenya, na Pugu karibu na Dar es Salaam, husikika kuliko anavyoonekana. Ana urefu wa sentimita 17 hivi. Uso, koo na kifua ni chungwa tupu, mabawa kijivu cha samawati, na jicho jeusi limekaa kwenye uso usio na mstari wowote. Mnamtofautishaje na wenzake?

Mdau 2: Nyusi kwanza. Kurumbiza mwenzake, Cossypha heuglini, ana utosi mweusi na unyusi mweupe mrefu. Ukiuona huo, achana naye. C. semirufa naye ana unyusi, ila ni ndege wa nyanda za juu kama Nairobi. Usimtafute Gede.

Mdau 3: Hao ni rahisi, mkuu. Anayewasumbua watu pwani ni ndege wa jamii nyingine, Neocossyphus rufus: naye tumboni ni mwekundu wa kutu, naye huandama siafu. Tazama bawa. Likiwa kahawia bila samawati, ni huyo. Halafu ni mkubwa, kama sentimita 22.

Mdau 4: Mwito wa kurumbiza wetu ni wa sauti mbili, moja juu moja chini, "trii-tro, trii-tro", kama bawaba iliyokosa mafuta, na huurudia bila kuchoka. Wimbo ndio mtego, maana anaiga ndege wengine, hata furukombe (tai mla samaki), na mluzi wa mtu pia. Programu ya simu ya kutambua sauti za ndege ikikuandikia furukombe kichakani, mbali na maji, subiri. Muda si mrefu atarukia sauti nyingine.

Mdau 2: Na msimu jamani! Pwani ya Kenya wengi wapo Aprili hadi Novemba. Ukimwandika Januari, weka na picha.

Mdau 5: Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tafuta msafara wa siafu, kaa mita tano kando, suruali ndani ya soksi. Atashuka chini kuokota wadudu wanaokimbia. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya milimita 42) yatosha. Ya 10x hutikisika, na yenye lenzi ndogo ni giza tupu chini ya miti. Kumpigia sauti ya kurekodi msimu wa viota ni kumwondoa mayaini, acheni.

Mleta mada: Na kinda?

Mdau 4: Ana madoadoa mwili mzima, uso haukusaidii. Tazama mkia akiruka: mwekundu wa kutu, manyoya ya katikati meusi.