Naomba ushauri: kauli ya Scoop Nisker kwa Kiswahili

Habari zenu wanajamvi. Naandaa kipindi kifupi cha redio kuhusu Wes Nisker, maarufu Scoop, mtangazaji wa kituo cha redio cha KSAN cha San Francisco, Marekani, enzi za mahipi na Vita vya Vietnam. Alichanganya habari na muziki na sauti za mtaani. Baadaye akafundisha tahajudi ya Kibudha, akafariki 2023.

Nimekwama kwenye kauli yake ya kufungia habari. Nimejaribu “Kama huzipendi habari hizi, nenda katengeneze zako.” Mwenzangu akacheka: eti jamaa anahimiza uzushi! “Katunge” ndiyo mbaya zaidi. Nisker alitaka watu watoke wakafanye jambo litakalokuwa habari.

Mngeisemaje kwa ufupi uleule? Na vuguvugu lile la mahipi (“counterculture”) niliite “utamaduni pinzani” au “utamaduni mbadala”? Tunarekodi Ijumaa.