Uliwahi kupangwa kwenye mdahalo wa utoaji mimba darasani? Tupeane uzoefu

Binti Hoja
Mdogo wangu kaja na mada, "Utoaji mimba uhalalishwe", kapangwa kutetea na hataki mama aone daftari. Nikakumbuka ya kwangu. Mimi nilipangwa kupinga, nikakesha nakusanya mistari ya vitabu vya dini, tumekaa tayari ticha anaingia anasema haya, badilishaneni pande. Hapo hapo! Nilisimama nikaongea mpaka leo sijui niliongea nini. Na nyie mlipona vipi?

kalamu_nyekundu
Afadhali wewe. Sisi tuliletewa mwamuzi mkunga na hatukuambiwa, tukajua ni mama wa mtu kaja kuulizia ada. Mimi napinga, nimesimama nafoka kwamba sheria ikimpa mwanamke wiki sita hana cha kulalamika, mwezi na nusu mzima unamtosha kuamua. Mama kanyoosha mkono, "taarifa, mwenyekiti", akauliza wiki zinaanza kuhesabiwa lini. Nikajibu kwa mbwembwe, siku mimba ilipotungwa. Akacheka kidogo, akasema zinahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 akifika wiki sita ndo kwanza amechelewa kama wiki mbili, na wengine kuchelewa ni kawaida yao hata hawastuki. Darasa huuuu! Akaendelea, na mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo mtoto hawezi kupona na mama anaweza kuvuja damu ndani akafa, hiyo nayo mnaipinga? Nikamwangalia mwenzangu, mwenzangu anaangalia dari. Sasa watetezi wanapiga meza wanashangilia, akawageukia: nyie mmesema mwili wake uamuzi wake, wiki ya 30 pia? Mtoto wa wiki 30 mimi namzalisha na anaishi. Wakazima kama redio. Alitupa alama sawa pande zote, za chini. Mpaka leo nikisikia neno "taarifa" nakaa vizuri.

Sauti ya Nyuma
Huyo mama apewe maua yake.

Mzee wa Vifungu
Mwambie mdogo wako aanze na Roe v. Wade, kesi ya Marekani ya 1973 iliyofanya utoaji mimba uwe haki nchi nzima, amemaliza.

jicho3
Mkuu hiyo ilifutwa 2022 na kesi ya Dobbs, unataka mtoto wa watu azomewe?

Mzee wa Vifungu
Kufutwa sio kupigwa marufuku. Mahakama ilirudisha suala kwa majimbo, mengine yakakataza mengine yakaruhusu. Soma.

jicho3
Nimesema ilifutwa. Wapi nimesema marufuku??

Neno la Mwisho
Mkimaliza ndoa yenu mtuambie. Kwa anayetetea, chukua Romania. Mtawala wao Ceaușescu alikataza utoaji mimba 1966 ili watu wazaane, vifo vya akina mama vikapanda kwa sababu walikuwa wanatolea vichochoroni, alipoangushwa Desemba 1989 sheria ikafutwa siku hizo hizo. Hapo unaongelea yaliyotokea, hakuna wa kukubishia kwa maoni yake. Na WHO wanasema karibu nusu ya mimba zinazotolewa duniani zinatolewa kwa njia isiyo salama.

mwana_wa_mchungaji
Na anayepinga asikimbilie dini, atajibiwa "mimi sio wa dini yako" basi kaisha. Kuna mwanafalsafa Don Marquis, 1989, alisema kuua ni vibaya kwa sababu unamnyang'anya mtu maisha yake yote ya mbele, na kijusi nacho kina hayo maisha. Hakuna aya hata moja humo.

Mama Wawili
Kwa nini asitaje dini kama ndo sababu yake ya kweli? Tunafundisha watoto unafiki.

mwana_wa_mchungaji
Mdahalo sio ungamo dada.

kimya_kingi
Mimi nilikuwa na mimba siku ile napinga. Hakuna aliyejua. Nilishinda, nikapigiwa makofi, nikaenda chooni nikatapika, wakasema ni presha ya mdahalo.

Sauti ya Nyuma
Mungu wangu. Pole sana.

jicho3
Ikaishaje?

kimya_kingi
Siwaambii. Nikisema nilizaa upande mmoja watanitumia kama mfano, nikisema nilitoa upande wa pili nao hivyo hivyo. Ila wewe unayejiandaa, ongea ukijua humo darasani anaweza kuwepo mtu kama mimi. Maneno kama "wauaji" na "malaya" hayakuongezei alama.

jicho3
Nimekuelewa dada, samahani.

Binti Hoja
Nimeisoma hii mara mbili. Asante.

Mzee wa Vifungu
Ndo maana mada zenyewe zinaandikwa vibaya, ruhusu au kataza. Itifaki ya Maputo ya 2003, ule mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ibara ya 14, inaruhusu kutoa mimba ya kubakwa, ya maharimu, au inayohatarisha afya ya mama ya mwili na ya akili, uhai wa mama au wa kijusi. Mtetezi mjanja anasimama hapo, mpinzani anabaki anapiga ngumi hewani.

Neno la Mwisho
Usimsikilize, akisimama hapo ataambiwa kakwepa mada, mada imesema uhalalishwe. Atetee yote.

Mama Wawili
Avae viatu visivyobana na asizungumze haraka, hizo sheria waamuzi wenyewe hawazijui.

Mzee wa Vifungu
Wakunga wanazijua.